Picha Inayohesabu na Picha Inayoshuhudia: Ulinganisho wa Njia Tano za Kuonyesha Takwimu za Jamii kwa Kamera

Anayetaka kuonyesha takwimu za jamii kwa picha za kamera, badala ya nguzo na miduara iliyochorwa kwa kompyuta, ana njia zaidi ya moja mbele yake, na njia hizo hazifanani kwa gharama, kwa usahihi, wala kwa kile kinachobaki kichwani mwa msomaji. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mbunifu, mwalimu, mwandishi wa habari au ofisa wa asasi ambaye tayari ana jedwali la takwimu mkononi na anatakiwa kuamua alifanyie nini. Ili njia zote zipimwe kwa kipimo kimoja, nimechukua takwimu moja na kuipitisha katika kila njia: nishati kuu ya kupikia katika kaya za Kenya kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Kuni zilikuwa asilimia 55.1, gesi 23.9, mkaa 11.6 na mafuta ya taa 7.8; asilimia 1.6 iliyobaki ni umeme, bayogesi na nyinginezo.

Kwa maoni yangu, liko swali moja linaloamua karibu kila kitu kabla hata kamera haijatolewa mkobani. Je, picha ndiyo itakayobeba hesabu, au itasimama kando ya hesabu kama shahidi? Picha inayobeba hesabu hupangwa kwa namba, na kosa la kitu kimoja ndani yake ni kosa la takwimu. Picha inayoshuhudia haina namba ndani yake. Inamwonyesha msomaji maisha ambayo namba imeyafupisha. Infografiki nyingi, yaani picha au michoro inayobeba takwimu, zinazopotosha hazitokani na nia mbaya, bali hutokana na mbunifu kuichanganya kazi ya kwanza na ya pili, akadai kwamba sura ya mtu mmoja ni wastani wa mamilioni.

Naiacha nje ya ulinganisho mbinu iliyozoeleka kuliko zote, ile ya kuifanya picha ya mama anayepuliza moto kuwa mandhari na kubandika chati duara juu yake. Humo picha haihesabu wala haishuhudii, kwa kuwa chati imemziba mama na moshi umezifanya rangi za chati zisisomeke.

Grafu iliyojengwa kwa vitu halisi

Katika njia ya kwanza mbunifu hukusanya vitu vinavyohusiana na takwimu, akavipanga mpaka mpangilio wenyewe ukawa grafu, kisha akapiga picha. Peter Ørntoft wa Denmark alijulikana kwa kazi ya namna hiyo: alichukua matokeo ya kura za maoni kuhusu masuala yaliyowashughulisha Wadenmark, akazijenga chati ndani ya mazingira yanayozungumzwa na takwimu zenyewe, ili msomaji asikione kiasi bila kuuona muktadha wake.

Ubora wa njia hii ni kwamba msomaji anaweza kuhesabu mwenyewe. Kanuni yake ni ya zamani. Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925, alisisitiza kwamba kiasi kikubwa kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi zenye ukubwa ule ule, si kwa alama moja iliyokuzwa, kwa sababu alama ikikuzwa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, eneo lake huwa mara nne na jicho hudanganyika. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani William Cleveland na Robert McGill walionyesha kwa majaribio kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi nafasi ya kitu kwenye mstari wa kupimia, kisha urefu, na usahihi huo hupungua wanapotakiwa kukadiria eneo na ujazo.

Sasa tuitumie kanuni hiyo katika nishati ya kupikia. Mbunifu mwenye haraka ataweka mafiga 55 upande mmoja na mitungi 24 ya gesi upande wa pili, na mitungi itaonekana kushinda, kwa kuwa mtungi mmoja wenye rangi kali unajaza nafasi ya mafiga kadhaa. Namba ni sahihi, lakini picha inasema uongo. Tiba yake ni kuvinyima vitu nafasi ya kujitanua. Tandika kitambaa cha rangi moja, kigawe kwa uzi katika miraba 100, kumi kwa kumi, kisha weka kitu kimoja kidogo katika kila mraba: kijiti cha kuni, kipande cha mkaa, kipande cha mpira wa gesi, utambi wa jiko la mafuta ya taa. Vitu vyote hivyo hupatikana kwa bei ndogo, vinatosha juu ya meza, na kila mpishi anavitambua bila kusoma ufunguo wa chati.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusumbua. Ukizikadiria asilimia zile hadi namba nzima iliyo karibu utapata 55, 24, 12, 8 na 2, ambazo jumla yake ni 101, na miraba ni 100. Kikipunguzwa kimoja, ni kipi? Mkaa wenye 11.6 na nyinginezo zenye 1.6 zina sehemu ile ile iliyozidi, kwa hiyo hakuna kanuni ya hesabu itakayokuamulia. Mimi ningepunguza mkaa uwe 11 ili kundi dogo lisipotee nusu yake, na ningeandika chini ya picha kwamba nimefanya hivyo. Kwenye kompyuta tatizo hili huwa halionekani, kwa sababu nguzo inaweza kuwa na urefu wa 11.6, lakini kijiti cha kuni hakina desimali, labda ukivunje, na kijiti kilichovunjwa msomaji atakisoma kuwa kijiti kizima.

Kamera nayo ina hila zake. Ukipiga kwa pembe, safu ya mbele huonekana kubwa na ya nyuma huonekana ndogo, na hivyo unakuwa umerudisha lile kosa la ukubwa ambalo Neurath alilikataa. Piga kutoka juu, kamera ikiwa sambamba na meza. Lenzi pana ya simu huvuta vitu vilivyo pembezoni, kwa hiyo ni afadhali kupanda juu zaidi na kukuza kidogo kuliko kuinama karibu. Jua la saa sita huweka kivuli kikali cha mpigapicha katikati ya grafu. Kivuli cha mti au mwanga wa asubuhi hufaa zaidi.

Je, msomaji ananufaika na mapambo haya yote? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan cha Kanada uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha chati zilizopambwa kwa michoro na chati tupu, ukakuta kwamba usahihi wa kusoma haukupungua, na baada ya wiki mbili hadi tatu zile zilizopambwa zilikumbukwa vizuri zaidi. Chati zile zilikuwa za kuchorwa, hazikuwa picha za kamera, kwa hiyo sitaki kuuvuta ushahidi huo kupita kiasi. Lakini unatosha kumjibu mhariri anayesema kwamba kitu kisicho nguzo ya bluu si cha kisayansi.

Wingi unaomzidi msomaji

Njia ya pili haimtaki msomaji ahesabu, inamtaka ashindwe. Mpigapicha wa Marekani Chris Jordan, katika mfululizo wake kuhusu ulaji na matumizi ya nchi yake, alitengeneza mwaka 2007 picha yenye chupa milioni 2 za plastiki, ambacho ni kiasi kilichotumika Marekani kwa kila dakika tano. Mwaka huo huo alionyesha sare milioni 2.3 za wafungwa zilizokunjwa, idadi ya watu waliokuwa magerezani Marekani mwaka 2005, katika paneli sita ambazo kwa pamoja zina urefu wa takribani mita 3 na upana wa mita 7. Ukiwa mbali unaona ukungu wa rangi. Ukisogea unaona mikunjo ya nguo. Vitu hivyo havikupigwa picha kimoja kimoja, bali vilirudufiwa kwa programu ya kuhariri picha, jambo ambalo si dosari mradi hesabu ya nakala ni ya kweli.

Kwa takwimu yetu, zaidi ya kaya milioni 6.5 za Kenya zilitegemea kuni mwaka 2019. Skrini ya simu ya kawaida yenye nukta 1080 kwa 2340 ina nukta takribani milioni 2.5 kwa jumla. Hata ukiipa kila kaya nukta moja tu, picha haitaenea, na hakuna msomaji atakayetambua kijiti ndani ya nukta moja. Picha ikishapita WhatsApp na kubanwa, kinachobaki ni zulia la kahawia. Njia hii ni ya ukuta wa maonyesho, ukumbi wa chuo au bango kubwa ambalo mtu analisogelea kwa miguu. Ambaye wasomaji wake wanasoma kwa simu asiichague, hata kama imemvutia kuliko zote, na ukweli ni kwamba huvutia.

Ina kasoro nyingine isiyohusu skrini. Wingi hauonyeshi mgawanyo. Picha ya chupa milioni 2 haisemi nani alizinywa, wala haisemi kama mwaka uliotangulia zilikuwa nyingi zaidi au chache. Inafaa pale namba moja ndiyo hoja yote.

Familia moja na mali yake

Peter Menzel, naye wa Marekani, alikwenda kinyume. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1994 familia za nchi 30 zilipigwa picha nje ya nyumba zao pamoja na vyombo vyao vyote, na waandaaji walijitahidi kutafuta familia zinazokaribia wastani wa kila nchi. Mwaka 2005, akiwa na Faith D'Aluisio, alichapisha kingine chenye familia 30 kutoka nchi 24, kila moja ikiwa imezungukwa na chakula chake cha wiki nzima, pamoja na orodha ya vyakula na gharama yake.

Kama infografiki, kazi hii iko katikati ya kuhesabu na kushuhudia, na hapo ndipo panapotaka uangalifu. Wakimbizi wa Sudan katika kambi ya Breidjing nchini Chad wametajwa humo kuwa walitumia dola 1.23 kwa wiki, na familia moja ya Ujerumani dola 500.07. Picha hizo mbili zimewekwa bega kwa bega mara nyingi sana, zikisambazwa bila maelezo, na mtazamaji huondoka akiamini kwamba watu wa kambi ile walikula chakula cha dola moja na ushee. Sehemu kubwa ya chakula kilichokuwa mbele yao kilikuwa mgao wa misaada, ambao hauhesabiki katika fedha walizotoa mfukoni. Kitabuni ufafanuzi upo. Picha ilipokatwa kutoka kwenye ukurasa wake, ufafanuzi ulibaki nyuma. Anayechagua njia hii aichape tanbihi ndani ya fremu ya picha yenyewe, si chini yake, kwa sababu kilicho chini kitakatwa.

Hata hivyo, kwa nishati ya kupikia hakuna njia inayonishawishi kama hii. Sensa iliuliza nishati kuu. Sasa iombe kaya moja itoe nje kila chombo cha kupikia na nishati ya wiki moja, ukaone kitakachotokea: mtungi mdogo wa gesi wa kuchemshia chai asubuhi, jiko la mkaa la maharagwe na makande yanayokaa motoni muda mrefu, na pengine kuni kidogo za siku za wageni. Kaya hiyo imo ndani ya asilimia 23.9 au ndani ya 11.6, lakini haiwezi kuwa katika zote mbili, kwa hiyo jedwali limeificha nusu ya maisha yake ya jikoni. Picha ya shahidi inaifichua. Anayetunga sera ya kuwahamisha watu kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye gesi, kama ilivyo katika mkakati wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, anahitaji kuuona mchanganyiko huo kuliko anavyohitaji nguzo ya tatu ya rangi nyingine.

Lakini kaya moja si Kenya. Lazima isemwe.

Nyumba nyingi kwa mpangilio wa kipato

Anna Rosling Rönnlund wa Sweden, kupitia taasisi ya Gapminder, alilijibu tatizo hilo kwa mradi wa Dollar Street uliofunguliwa kwa umma mwaka 2016. Badala ya familia moja kwa kila nchi, nyumba nyingi zilipigwa picha kwa orodha ile ile ya vitu, kama vile kitanda, mswaki, choo, jiko na mlango wa mbele. Kisha zikapangwa katika mtaa mmoja wa kubuni ambamo walio na kipato kidogo zaidi wako kushoto na wenye kipato kikubwa wako kulia. Kufikia mwaka 2017 zilikuwapo nyumba 264 kutoka nchi 50. Kipato hukokotolewa kwa kila mtu mzima kwa mwezi na kurekebishwa kwa tofauti za bei kati ya nchi.

Hapa nafasi ya picha ndiyo takwimu, na nafasi, kama Cleveland na McGill walivyoonyesha, ndiyo jicho huisoma vizuri zaidi. Ukichagua majiko peke yake utaona mafiga yakienda mbali kulia kuliko ulivyotarajia, na mitungi ikianza mapema. Utaona pia kwamba jiko la mtu wa Burundi mwenye kipato kidogo linafanana zaidi na la mtu wa Asia mwenye kipato hicho hicho kuliko linavyofanana na la tajiri wa nchi jirani. Hilo ni jambo ambalo picha za Menzel, kwa muundo wake wa nchi kwa nchi, haziwezi kulisema.

Kuiiga kazi hiyo ni ghali, kwani inahitaji nyumba nyingi, orodha moja isiyobadilika, na mtu anayejua kupima kipato cha mkulima asiye na mshahara. Asasi ndogo isijaribu kuanza upya. Picha za Dollar Street zimetolewa kwa leseni inayoruhusu kutumiwa tena kwa sharti la kutaja chanzo, na mwalimu wa jiografia anaweza kuzichapa, akawaambia wanafunzi wazipange wenyewe kabla hajawaonyesha kipato. Kumbuka tu kwamba nyumba hizo hazikuchaguliwa kwa sampuli ya kubahatisha, hivyo usizihesabu ukatoa asilimia.

Chati kushoto, picha kulia

Njia ya tano ni ya zamani kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, msomi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atlanta walionyesha chati zipatazo 60 zilizochorwa na kupakwa rangi kwa mkono kuhusu Wamarekani weusi: idadi yao, kusoma na kuandika, umiliki wa ardhi, kazi, matumizi ya fedha. Kando ya chati hizo ziliwekwa albamu zenye picha 363 za watu, nyumba, maduka na makanisa ya jimbo la Georgia.

Hakuna chati iliyobandikwa juu ya sura ya mtu. Chati zilibeba hesabu kwa ukali wake wote, na picha zikawashuhudia watu kwa heshima yao yote, katika enzi ambapo wageni wa maonyesho walikuwa wamezoea kuona picha za kuwadhalilisha watu weusi. Mgawanyo huo wa kazi ndio uliozipa nguvu. Aliyetilia shaka asilimia za kusoma na kuandika alikutana na sura za watu waliosoma, na aliyedhani kuwa sura hizo ni za wachache waliobahatika alirudishwa kwenye chati.

Kwa takwimu yetu, hii ni nguzo tano zilizochorwa kwa usahihi pamoja na picha tatu au nne za majiko zilizopigwa kwa ukubwa na mwanga ule ule. Namba zikibadilika, chati hubadilishwa na picha hubaki. Katika kurasa za gazeti, chati kubwa na picha ya kadiri hutoka vizuri hata kwa rangi nyeusi na nyeupe, jambo ambalo miraba 100 ya vipande vya mkaa na vipande vya mpira wa gesi haiwezi, kwa kuwa bila rangi ni vigumu kuvitofautisha.

Kuamua

Ukiwa na uwiano wa makundi machache, chagua miraba 100. Ukiwa na namba moja kubwa na ukuta mpana, chagua wingi. Ukiwa na jambo ambalo swali la dodoso limelikata vipande, tafuta kaya ikubali kutoa vyombo vyake nje. Kama hoja yako ni tofauti ya kipato, tumia mpangilio wa nyumba nyingi. Ukiwa na shaka, au ukiwa na mhariri anayebadilisha namba usiku wa kuamkia uchapaji, rudi kwa Du Bois.

Kuna hali moja inayopindua ushauri huo. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti ambamo watu waliopewa habari ya msichana mmoja wa Mali walichanga zaidi kuliko waliopewa takwimu za njaa, na walioonyeshwa msichana pamoja na takwimu walichanga kidogo kuliko walioonyeshwa msichana peke yake. Kwa hiyo, kama kusudi la kazi yako ni kuchangisha fedha, kuweka chati kando ya sura kunaweza kukupunguzia mchango. Sioni kwamba hiyo ni sababu ya kutosha ya kuificha takwimu, lakini ofisi inayokuajiri huenda ikaona vingine, na ni vizuri mabishano hayo yafanyike kabla ya kupiga picha.

Njia ya tatu na ya nne, na ya tano pia ikiwa picha zake zina watu, zinagusa sheria. Sura inayotambulika ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ridhaa iombwe kwa lugha ya mwenye nyumba, ikieleza kwamba kipato chake au aina ya jiko lake vitachapishwa kando ya uso wake, kwa sababu wapo wanaokubali kupigwa picha lakini hawakubali kutangazwa kuwa wanapikia kuni. Akikataa, piga jiko bila mtu. Mara nyingi jiko peke yake linatosha.

Jambo la mwisho linahusu umri wa kazi. Grafu ya vitu halisi haihaririwi kwa kubadilisha namba kwenye jedwali; ni lazima ipangwe na kupigwa upya. Andika urefu wa kamera kutoka mezani, upana wa miraba na saa uliyopiga, na uhifadhi kitambaa chenyewe pamoja na vijiti vyake, ili matokeo ya sensa ijayo ya Kenya yatakapotoka, picha mbili ziweze kuwekwa sambamba na tofauti pekee kati yake iwe ni idadi ya miraba yenye kuni.